Pea Moja ya Viatu Mlangoni

Wilaya yetu ina mitaa kumi na tisa, na katika karatasi iliyobandikwa nje ya ofisi, mtaa wetu ulikuwa wa kumi na tisa. Niliisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimevua miwani, nikidhani labda kioo ndicho kinachonitukana. Juu kabisa walikuwa wale wa mlimani, wenye kengele getini na mbwa wanaokula kuliko fundi wangu. Chini kabisa, sisi. Kufaa kwa kuishi: alama thelathini na moja kati ya mia. Soko la nyumba: limekufa. Pendekezo: mtaa uendelezwe upya.

Kwa asiyejua lugha ya ofisi, nitamfasiria. Kuendelezwa upya maana yake kampuni ya ujenzi inapewa ramani, wewe unapewa hundi ya kuta zako kwa bei ya jedwali lao, na miezi sita ya kutafuta pa kwenda. Mtaa uliopata chini ya alama arobaini hauna mjadala. Wameupima, wameuona umelala, wanakuja kuuamsha kwa tingatinga.

Mimi ni seremala. Milango na madirisha. Shule niliiacha darasa la sita, lakini sheria naisoma, na nimeisoma kwa njia ambayo hakuna mwalimu anayeweza kuidai. Muuza vifaa alikuwa akinunua magazeti ya serikali ya zamani kwa kilo, anafungia misumari. Nikifika karakana nafungua misumari, kisha nasoma kilichoifunga. Ndiyo maana mtaani wananiita Kifungu. Wengine kwa heshima, wengine kwa kuchoka. Na nilichokisoma sikisahau. Naweza kukuambia mwaka walioahidi lami, mwaka walioahidi tena, na jina la cheo cha kila aliyeahidi.

Ndani ya ofisi kulikuwa na kitabu kizima cha tathmini, nyumba kwa nyumba, na mwananchi ana haki ya kukisoma. Karani alisema hana hakika na haki hiyo. Nikamtajia kifungu. Akanipa kitabu pamoja na stuli.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye namba thelathini na mbili, nyumba ya Dada. Mama yetu alifariki nikiwa sijaota meno ya mbele. Dada ndiye aliyenibeba mgongoni, akanivika viatu, akanipeleka kujifunza ufundi kwa mumewe, marehemu shemeji yangu, ambaye kila ninachojua kuhusu mbao nilikiona kwanza mikononi mwake. Dada sasa ana miaka sabini na moja. Nyumba ile waliijenga wawili, tofali moja moja. Kitabu kiliandika hivi: *Vyumba sita. Mkaaji mmoja, mwanamke mzee. Vyumba vinne havitumiki. Shughuli ya kujipatia kipato: hakuna.*

Nyumba ile ina watu tisa. Yumo Dada. Yumo muuguzi wa zamu na mwanawe. Wamo ndugu wawili waoka mikate. Yumo fundi cherehani, mkewe na mtoto wao mchanga. Yumo mlinzi mstaafu ambaye bado anapiga saluti akipishana na mtu uani. Watu wanane walikuwa wamefutwa kama chaki ubaoni, na mimi nilijua nani aliyeshika kitambaa.

Niliwaficha mwenyewe.

Hapa lazima nirudi nyuma, mwenye haraka anivumilie. Miaka ishirini na sita iliyopita walikuja maofisa wenye chaki. Wakahesabu vyumba vya kila nyumba na kuandika idadi mlangoni. Walisema ni kwa ajili ya kuleta maji. Baada ya miezi mitatu, kila namba ya chaki ikageuka kodi, na ya miaka ya nyuma ikiwa juu yake. Aliyeshindwa kulipa walimng'olea mlango. Mlango, ndugu zangu. Si redio, si kitanda. Walikuja na lori na bisibisi, wakapita nyumba kwa nyumba.

Mlango wa Dada ulikuwa wa mbao ngumu, shemeji aliutengeneza kabla ya kufunga ndoa, na bibi harusi alipita hapo. Wakaung'oa Dada akiwa amesimama uani na unga mikononi. Miezi mitano mlango wake ulikuwa shuka. Mvua iliingia, kuku wa jirani waliingia, na macho ya watu yaliingia, ambayo ni mabaya kuliko kuku. Dada na mumewe walipomaliza kulipa, wakapelekwa nyuma ya ofisi kwenye rundo la milango iliyonyeshewa, wakaambiwa wachague. Mlango wao haukuwapo. Wakapewa mwingine, mfupi kwa shubiri moja. Shemeji akaunga ubao chini, wa mti mwingine, wenye rangi nyingine, na kiungo hicho kipo mpaka leo. Kila ninapoingia kwa Dada nakiona kabla sijamwona yeye. Shemeji alifariki bila kujua mlango wake unafunga nyumba ya nani.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mimi sikuishia kushtuka, nilitengeneza utaratibu. Tuliuita kufunga mtaa. Fundi friji, ambaye kibanda chake kiko pale kona ya kuingilia, ana mtungi mtupu wa gesi uliotundikwa kwenye mnyororo. Akiona mgeni mwenye faili, anaupiga mara tatu kwa spana. Ndani ya dakika kumi cherehani zimeingia vyumbani, mabango ya saluni yamegeuzwa, kamba za nguo zimepunguzwa, wapangaji wamepita mlango wa nyuma kuelekea makaburini. Na viatu: tunavua mlangoni, na viatu vinahesabika kuliko watu. Kwa hiyo kila nyumba inabakiza pea moja tu nje. Hilo la viatu nililibuni mimi. Nilijivunia.

Mthamini alipokuja, mwezi mmoja kabla ya karatasi ile kubandikwa, tulifunga mtaa kwa dakika saba. Jioni yake tulicheka mpaka mbavu zikauma. Fundi friji aliigiza jinsi mgeni alivyokuwa akigonga na kusikiliza, akigonga na kusikiliza, kama daktari anayetafuta mapigo ya moyo. Hakuna aliyefikiri kwamba daktari asiposikia mapigo anaandika nini.

Siku iliyofuata baada ya kusoma kitabu kile nilirudi ofisini, nikiwa nimeandaa hotuba kuhusu watu wanaothamini nyumba za wenzao kupitia dirisha la gari. Mthamini alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Viatu vyake vya mpira vilikuwa na tope kavu, jekundu, la kwetu. Lile la wenzetu wote ni jeusi. Hotuba yangu ikapoteza aya ya kwanza palepale.

Nilisema zilizobaki. Aliniacha nikamaliza, akafungua faili.

"Mzee, niligonga nyumba sitini na nane," akasema. "Nikakuta viatu pea sitini na nane. Hata mimi nilishangaa, ila fomu haina kisanduku cha kushangaa."

Nikamwambia angeuliza.

"Niliuliza. Namba thelathini na mbili nilimuuliza mama anaishi na nani. Akasema anaishi na Mungu. Mara chumba cha pili mtu akapiga chafya. Mimi nikamwangalia, yeye akaniangalia. Sasa ulitaka niandike nini, kwamba Mungu ana mafua?"

Jibu lile la Dada nalo nililitunga mimi. Nikahamia kwenye soko la nyumba, nikidhani hapo nitapata pa kushika. Nikamuuliza soko limekufaje, nani aliyeliona likikata roho. Akasema kwa miaka tisa hakuna nyumba iliyouzwa mtaani kwetu, na wao soko wanalipima kwa mauzo na kwa bei anayotaja mwenye nyumba.

"Hakuna anayeuza kwa sababu hakuna anayetaka kuondoka," nikasema. "Mtu asipomuuza mama yake mnasema mama hana bei?"

"Hilo ni jambo la kuandikwa. Lakini siwezi kuliandika kabla mtu hajalisema, mzee. Mlinyamaza nyumba sitini na nane."

Niliudhika zaidi kwa sababu hakuwa adui mzuri. Adui mzuri angenifukuza. Huyu alinipa kabrasha la fomu za pingamizi, moja kwa kila nyumba, siku ishirini na moja. Kila nyumba itakayopinga, sheria inamlazimu arudi aipime upya, akiwa ameingia ndani. Kisha akageuza fomu moja na kunionyesha kwa kalamu mstari wa chini kabisa, wenye herufi ndogo kama mayai ya chawa: taarifa zote zitapelekwa idara ya kodi.

"Nakuonyesha mwenyewe," akasema, "usije ukasema nilikuficha."

Jumapili mchana tulikutana uani kwa Dada. Watu walijaa mpaka wengine wakakalia mawe ya kufulia. Fundi cherehani alikuwa amerudisha mashine yake upenuni na hakuacha kushona. Alisema masikio yake hayatumii mguu. Nikawaeleza yote, mstari wa chini ukiwamo. Wengi waligeuka kutazama mlango wa Dada. Nilijua wanaona lori na bisibisi.

Mwenye saluni alisema bora kodi kuliko tingatinga. Jirani yake akamuuliza kodi ya miaka mingapi, maana wakianza kuhesabu nyuma hawajui breki. Mwingine alisema bora yeye achukue hundi mapema kabla haijapungua, akazomewa, akasema basi na wanaomzomea wamlipie. Muuguzi, aliyetoka zamu na hajavua soksi, alitaka kujua kitu kimoja tu: hizo nyumba mpya zikijengwa, chumba kimoja kitapangishwa kwa kiasi gani, na kuna mtu aliyewahi kukiona kikijengwa cha mtu kama yeye.

Nami nilikuwa na mpango. Nilikuwa nimekesha siku mbili juu ya magazeti yangu na nimepata njia: tuandike barua moja ya mtaa mzima, tudai kwamba tathmini yote ni batili kwa kuwa tangazo lake lilibandikwa siku nane badala ya kumi na nne. Hakuna fomu, hakuna kuingiwa ndani, hakuna idara ya kodi. Nikasoma barua. Ilikuwa barua nzuri, mpaka leo nasema ni nzuri. Nilipofika ukurasa wa tatu, fundi friji alijikuna kichwa.

"Kifungu, bwana, mficha uchi hazai," akasema. "Na wewe umetuficha mtaa mzima. Sasa unataka tujifiche tena nyuma ya barua?"

Watu wakacheka, kicheko cha kunisubiri nijibu. Nikamjibu kwa ukali. Nikawakumbusha lori. Nikawakumbusha rundo la milango kwenye mvua, na nani alilipa mara mbili, na nani hakurudishiwa chenji. Nikaitaja miezi mitano ya shuka ya Dada kwa sauti ambayo sasa naiona ilikuwa ya kuombea kura.

Dada alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Aliuweka chini.

"Mdogo wangu," akasema, "ule mlango ulikuwa wa nani?"

Nikasema ni wake.

"Shuka ilikuwa ya nani?"

"Yako, Dada."

"Basi niachie woga wangu niubebe mwenyewe. Wewe umeushika miaka ishirini na sita, umeuchakaza." Hakupandisha sauti, Dada hajawahi kuhitaji. "Walipoking'oa kile kilichokuwa changu nilikaa kimya, nikakaa kimya tena juzi nikasema naishi na Mungu. Mtoto wa watu nimemwambia azibe mdomo kwa kiganja ili asipige chafya nyumbani kwake. Sitarudia. Watoze kodi. Lakini hawataandika kwamba nyumba yangu ni tupu."

Akanyoosha mkono. Nilimpa fomu. Akataka na kalamu.

Kuna misumari inayoingia kwenye mbao ngumu kwa nyundo tatu na kutoka kwa nusu saa. Nilisimama, nikawaambia mimi ndiye niliyewafundisha kujificha, kwamba zamani ilitufaa na safari hii ilituponza, na kwamba mthamini hakutuonea bali alituona tulivyojionyesha. Hakuna aliyepiga makofi. Mlinzi mstaafu alinipigia saluti, lakini yeye humpigia kila mtu. Kisha nikatia sahihi yangu chini ya ya Dada, mimi ambaye karakana yangu haijawahi kuwa na leseni tangu siku ya kwanza. Hadi jua linashuka, nyumba hamsini na moja zilikuwa zimesaini. Kumi na saba hazikusaini, na sitazitaja kwa namba. Naikumbuka kila moja, lakini hata mimi najifunza.

Mthamini alipanga kurudi Jumanne. Nilifurahi, maana Jumanne na Ijumaa ndizo siku zetu za maji, saa mbili hadi saa tano, na mara ya kwanza alikuja Alhamisi akafungua bomba akasikia upepo. Saa moja asubuhi nilikuwa kwa Dada. Nilimkuta amesimama kibarazani, amefunga kanga kiunoni kama mtu anayetaka kuhamisha kabati.

"Umekuja na bisibisi?" akaniuliza.

Seremala haulizwi swali hilo. Nikasema ninayo.

"Ng'oa mlango."

Nikadhani sikusikia. Nikamwambia skrubu za bawaba zile alizikaza shemeji kwa mkono wake, zina kutu, zikitoka hazirudi. Nikamwambia mlango ukiwa wazi unatosha, hakuna haja ya maonyesho. Aliniacha nikamaliza sababu zote.

"Mara ya kwanza waliung'oa wao," akasema. "Leo naung'oa mimi. Anza na ya juu."

Ya juu ilitoka vizuri. Ya kati ilinikatalia, nikaipaka mafuta ya cherehani, nikaisubiri. Ya chini, kwenye ubao ule wa kuungia, ilitoka na vumbi jekundu la kutu na kipande cha karatasi alichokuwa ameingizia shemeji ili skrubu ibane. Nilikitia mfukoni. Tukaubeba mlango, mimi na waoka mikate, tukaulaza juu ya mapipa mawili katikati ya ua. Dada akaufuta kwa kitambaa chenye maji, akaweka kiti nyuma yake. Mthamini atakuwa na meza.

Sikumwambia mtu mwingine yeyote. Lakini mtaa wetu una macho. Fundi friji alipita kutazama kelele ya nini, akarudi mbio, na punde nikamsikia akitukana bawaba zake. Akafuata mwenye saluni. Nilizunguka na bisibisi mpaka mkono ukafa ganzi. Hadi saa tatu milango kumi na minne ilikuwa imelala juu ya mapipa, viti na magurudumu ya gari, na unaweza kusimama barabarani ukaona mpaka jikoni kwa watu, masufuria, vitanda visivyotandikwa, bibi mmoja akisuka mjukuu bila kugeuka. Mtungi wa gesi ulikuwa umenyamaza kwenye mnyororo wake. Bomba zilikuwa zinatoka maji, ndoo zimejipanga, wanawake wanagombania zamu kwa majina ya heshima ambayo hayakuwa na heshima yoyote.

Mthamini alikata kona na faili yake, akasimama. Alitazama upande huu, akatazama upande ule. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia kwa mtu wa ofisi: alivua viatu alipofika kizingitini kwa Dada, pale ambapo hapakuwa na mlango, akaviweka mwishoni mwa mstari. Mstari ulikuwa mrefu. Watu wa nyumba ile waliona wamefichwa mno, basi wakatoa mpaka ndara zilizokatika.

"Pea ishirini na sita," akasema. "Sasa mmezidisha."

Aliingia chumba kwa chumba. Muuguzi alikuwa amebadilishana zamu ili awepo. Mwanawe akaulizwa kama ndiye aliyepiga chafya siku ile, akakataa, halafu akapiga nyingine. Waoka mikate walionyesha tanuri lao nyuma na kumlazimisha aonje. Mlinzi alivaa sare. Mthamini alipima, akaandika, akauliza, akaandika tena, na mimi nilimfuata nikiwa na kifungu tayari mdomoni, ila hakunipa nafasi ya kukitumia. Mwisho akaketi kwenye kiti, akaweka fomu juu ya mlango, mkono wake ukiwa pale pale pa kiungo cha mbao mbili.

"Bado kisanduku kimoja, mama. Bei ambayo mwenye nyumba angekubali kuuza."

"Kiruke," akasema Dada.

"Kikiachwa wazi, kompyuta inaweka sifuri. Ndivyo mlivyofanya mara ya kwanza, wote."

Hapo ndipo nilipofahamu soko letu lilivyokufa. Halikuuawa na mtu. Tuliacha kisanduku wazi, mashine ikatuandikia sifuri, na sifuri sitini na nane zikajumlishwa zikagawanywa. Nilitaka kuanza. Dada aliniinulia kidole kimoja, kama zamani nilipokuwa nikijibizana na watu wazima.

"Unayo bei ya nyumba ya mkubwa wa wilaya? Yule wa mlimani?"

Mthamini akasema anayo, imo kwenye kitabu.

"Andika hiyo."

"Mama, hii ni nyumba ya vyumba sita na bati."

"Yeye anauza?"

"Hapana, hauzi."

"Na mimi siuzi. Basi bei yetu ni moja."

Mthamini alishika kalamu hewani kwa muda. Nilisikia maji yakijaa kwenye ndoo ya mtu, yakifurika, na hakuna aliyeyafunga. Kisha akageuza kitabu, akatafuta ukurasa, akanakili tarakimu moja moja. Ilikuwa namba ndefu. Ilikaribia kutoka nje ya kisanduku.

Maneno hayana miguu lakini mtaani kwetu hutangulia watu. Alipofika kwa fundi friji, kabla hajauliza, akaambiwa: ile ile ya mlimani. Mwenye saluni, ile ile. Bibi wa kusuka alidai iongezwe kidogo kwa sababu yeye ana mti wa kivuli. Nyumba hamsini na moja, bei moja. Mthamini aliandika zote, na alipofika nyumba ya arobaini hivi nilimwona amekaza midomo kama mtu aliyeweka pini mdomoni, na nikajua anazuia nini.

Kurudisha mlango wa Dada ilinichukua mchana wote. Skrubu za shemeji zilikubali mbili tu. Nyingine nilitia mpya, na kile kipande cha karatasi nilikikunja nikakirudisha mahali pake.

Majibu yalitoka baada ya mwezi. Alama arobaini na nne. Tulikuwa wa kumi na sita kati ya kumi na tisa, na pendekezo la kuendelezwa upya lilikuwa limekatwa kwa mstari wa wino. Kwenye soko la nyumba, pale palipoandikwa limekufa, paliandikwa: *bei haikubaliani na hali ya nyumba, wenye nyumba hawauzi.* Nilimsomea Dada mara mbili. Mara ya pili aliniomba nirudie yale maneno matatu ya mwisho tu.

Wiki hiyo hiyo zikaja bahasha za idara ya kodi, hamsini na moja, kila moja na hesabu ya vyumba. Zile nyumba kumi na saba zilipata ukombozi wetu bila kupata bahasha, na nilipoanza kulizungumzia hilo Dada alinipa kitu cha kula ili ninyamaze. Alibandika karatasi zote mbili ukutani, ile ya alama na ile ya kodi, bega kwa bega.

Nilizitazama kwa muda. Halafu nikaona jambo ambalo miaka ishirini na sita ya kujificha haikunipa nafasi ya kuliona. Mtu asiyekuwepo hatozwi, kweli, lakini hana anachoweza kudai. Sasa tulikuwapo, kwa muhuri wao wenyewe. Nyumba hamsini na moja, vyumba mia mbili na tisa, watu mia nne na kitu, wanaotozwa kwa chumba sawa na mtaa wa mlimani wenye maji kila siku, ilhali sisi tuna maji saa sita kwa wiki na barabara inayobadilisha rangi ya viatu vya wageni. Kuna kifungu cha hilo. Kipo, nimekisoma, kilifunga misumari ya inchi tatu.

"Kaza kwanza bawaba ya chini," Dada akasema, aliyeona midomo yangu ikitembea. "Inalia. Kelele nyingine baadaye."

Nikaikaza. Asubuhi iliyofuata nilimwambia fundi friji apige mtungi. Aliupiga mara tatu, na watu wakatokea kila mlango wakiwa na cherehani mikononi, mabango kwapani, wakiuliza wafiche nini na nani anakuja.

Nikawaambia hakuna anayekuja, tunakwenda sisi, ofisini. Wavae viatu.